Wapima Mwendo wa Usonde

Nchi ya Usonde haina mtu aliyenyooka. Sisemi hivi kwa dharau, maana mimi mwenyewe niliingia huko nikiburuta mguu wa kulia kama gunia. Kazi yao ni chumvi. Wanaichimba shimoni, wanaikata vipande vikubwa kama mlango wa kabati, kisha wanaipandisha mgongoni kwa ngazi za mawe ambazo nilizihesabu mpaka mia nne, nikachoka. Mtu akifika miaka thelathini, mgongo wake umeshaanza kumbishia. Akifika hamsini, anasalimiana na watu akiwatazama miguuni. Kwa hiyo kule kukandwa si starehe. Ni kama kula.

Langoni ofisa hakuniuliza nimetoka wapi wala nimebeba nini. Aliniambia nitembee hatua ishirini kwenda na ishirini kurudi. Alikuwa na fimbo yenye alama za vipimo, na daftari. Akaandika: mgeni, mwanamume, mzee, anachechemea mguu wa kulia, hatua fupi, anakunja uso kila hatua ya pili. Akanisomea, akaniuliza kama nakubali. Nikakubali, maana ilikuwa kweli. Watu hao wanaitwa wapima mwendo, na wako kila pembe ya mji. Mimi nilidhani ni watu wa afya. Nilichelewa kujua kwamba ni askari.

Nilifikia kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, Bi Mwanamize, ambaye naye alikuwa anachechemea vibaya sana. Nilimwonea huruma alivyonitangulia barabarani akishika kiuno. Tulipoingia ndani akafunga mlango, akanyooka, akapanda ngazi mbio kwenda kunitandikia kitanda. Nilifikiri macho yangu yamechoka kwa safari, nikanyamaza.

Asubuhi nilikwenda kwenye Nyumba ya Mikono, ndiyo ofisi ya serikali wanakokandia watu wenye leseni. Karani alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likawa gumu kama karatasi. Aliniuliza maumivu yanaanzia wapi.

"Kiunoni," nikamwambia.

"Yanaishia wapi?"

"Gotini."

"Basi yanavuka," akasema, akaweka kalamu chini kama daktari anayetoa habari mbaya.

Akanieleza. Sheria yao imeugawa mwili sehemu mbili, penye mkanda wa suruali. Juu ya mkanda kuna wakandaji wa juu, chini yake wakandaji wa chini. Kila upande una bodi yake na muhuri wake, na bodi hizo hazialikani hata harusini. Maumivu yanayovuka mkanda yanahitaji barua kutoka Ofisi ya Mavuko. Ofisi hiyo haina ofisa mwaka wa sita sasa, kwa sababu haijaamuliwa kama ofisa wake atakaa ghorofa ya juu au ya chini. Karani alikuwa mtu mwema. Alinishauri niseme nina maumivu mawili yasiyojuana, niache moja nyumbani, nitibiwe lingine.

Nikatibiwa la juu. Mkandaji mwenyewe alikuwa wa Daraja la Kwanza, mtu wa heshima, ukuta wake umejaa vyeti. Alinilaza kifudifudi, akanifunika shuka, akainua mikono yake shibiri moja juu ya mgongo wangu, akaipitisha taratibu kutoka mabegani mpaka mkandani. Alifumba macho. Jasho lilimtoka. Mimi nilikuwa nangoja aanze. Baadaye akaniambia amemaliza, akanipa karatasi nitie sahihi kwamba hakuniachia alama yoyote mwilini. Nikatia. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Nilirudi nikamkuta Bi Mwanamize anafukuza kuku uani, mwepesi kama msichana. Safari hii sikunyamaza. Nilimuuliza nani alimponya. Akaniuliza kama naweza kutunza siri, nami nikamwambia nimezitunza nyingi za watu ambao hata majina yao nimesahau. Akajifunga kanga, akashika kiuno, akaanza kuchechemea, akaniongoza mpaka nyuma ya maghala ya chumvi.

Huko ndiko alikokaa Bi Siwatu. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Chumba kilinuka mafuta ya ufuta. Kwenye kitanda karibu na dirisha alilala mumewe, Feruzi, aliyekuwa mpandishaji chumvi mpaka kiharusi kilipomwangusha katikati ya ngazi miaka mitano nyuma. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelala. Kila asubuhi, kabla ya mtu mwingine yeyote, Bi Siwatu alikuwa anamkanda yeye. Alimfungua vidole kimoja kimoja, akapanda mkononi, akamalizia taya na koo ili aweze kumeza uji. Asipokandwa, vidole vinajikunja mpaka kucha zinaingia kiganjani, na uji unampalia. Bi Siwatu alinieleza hayo huku akipasha mafuta.

Alinilaza kwenye mkeka, akagusa nyonga yangu kwa kidole.

"Mzee, huu mguu umeudhulumu. Tangu lini?"

"Miaka mitatu. Nilianguka kwenye lori."

"Kwa nini hukuutibu?"

"Nilikuwa safarini."

"Miaka mitatu yote?"

"Arobaini."

Akacheka. Feruzi naye akatoa sauti kitandani, nikatambua baadaye kwamba ni kicheko. Alizungumza polepole, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Shemeji," akaniambia, "ukitaka kulia, lia kwa nguvu. Redio yetu imeharibika."

Kidole gumba cha Bi Siwatu kilipita mahali pote ambapo mimi nilidhani ndipo, kikasimama mahali ambapo sikuwahi kupashuku. Akakandamiza. Niliona nyota na jua limewaka. Kisha akangoja bila kuondoa kidole, kama mtu aliyebisha hodi na anajua wenyewe wamo ndani. Akiwa anangoja hivyo, akanisimulia habari ya sheria.

Sheria aliiomba yeye. Miaka ishirini nyuma kulikuwa na muuza mafuta aliyejiita bingwa wa viungo, na wengine waliokuwa wakiweka mapazia na kufanya nyuma yake mambo ya aibu. Muuza mafuta huyo alimvunja shingo mdogo wake Bi Siwatu, Kibibi, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyekwenda kwake na maumivu ya kichwa tu. Aliingia kwa miguu yake, akatolewa amebebwa. Bi Siwatu akasimama mbele ya wakubwa wa nchi, akasema yeyote anayeweka mikono juu ya watu afunzwe, apimwe, ajulikane kwa jina. Walimpigia makofi. Wengine walilia.

"Nilidhani watatuuliza sisi," akaniambia.

Hawakuwauliza. Waliunda Baraza la Mikono, na ili Baraza lisipendelee mtu, wakaamua mkandaji asiwe mjumbe. Kisha mmoja akasema hata aliyewahi kukandwa ana maslahi. Wakaamua naye asiwe mjumbe. Kwa hiyo sheria ya kukanda ikatungwa na watu ambao hawajawahi kuguswa mgongo. Kwa kumbukumbu ya Kibibi waliandika kwamba mkandaji asiache alama yoyote mwilini mwa mteja. Si neno baya. Lakini walihitaji namna ya kulipima, wakamshonesha fundi mtu wa ngozi aliyejazwa makapi ya mpunga. Anayetaka leseni anamkanda mtu huyo mbele ya Baraza, na akimaliza wanapita na uzi wanapima mabonde. Asiyeacha bonde hata moja anapewa Daraja la Kwanza. Bi Siwatu alifanya mtihani huo mara tatu, na mara zote aliacha alama za vidole kumi. Wanafunzi wake walifaulu wote. Walijifunza haraka kwamba njia ya uhakika ya kutoacha alama ni kutogusa.

Alipofika hapo kitu kikaachia ndani ya nyonga yangu, taratibu, kama fundo la kamba lililoloana.

Niliposimama, aliniagiza jambo moja. "Ukitoka hapa, uchechemee. Mguu uleule, hatua zilezile walizoandika. Mpaka utoke nchini."

Nikamuuliza kama watu wote wanafanya hivyo.

"Wanaonipenda," akasema.

Hapo ndipo nikamwelewa Bi Mwanamize. Usonde, mtu aliyepona bila karatasi ni ushahidi. Kwa hiyo waliopona wanajifunza upya kuumwa. Mke anamfundisha mume sebuleni, mtu na jirani yake wanasahihishana: leo umelegeza bega, jana ulisahau kukunja uso. Nilikuja kuwaona wazee wawili wakipishana barabarani, wote wakichechemea kwa ustadi, kila mmoja akijua mwenzake ni mzima, wasiambiane kitu.

Nilijitahidi. Nilichechemea kupita maghala, nikapita kisimani, nikampita mpima mwendo wa kwanza, akaniinulia fimbo kwa salamu. Kisha nikafika kwenye ngazi za kushukia sokoni. Zilikuwa ngazi kumi na nane, pana, zimepashwa na jua. Miaka mitatu nilikuwa nashuka ngazi nimeukumbatia ukuta. Sikuamua kitu. Mguu ulitangulia wenyewe, mwingine ukafuata, na nilipofika chini nilikuwa nimeziruka mbili mbili na nilikuwa nacheka peke yangu. Mpima mwendo wa sokoni alikuwa amesimama palepale, daftari limeshafunguliwa.

"Pole sana, mzee," akaniambia kwa upole. "Nani amekuponya?"

Sikumtaja. Haikusaidia. Shati langu lilinuka ufuta, na mtaa unaonuka ufuta ni mmoja. Kabla ya adhuhuri Bi Siwatu alikuwa ameitwa mbele ya Baraza, nami nikaambiwa nije kama kielelezo. Sikuitwa shahidi. Shahidi anasema. Kielelezo kinatazamwa.

Nilimuuliza askari adhabu ni nini. Akasema ni mifuko. Mikono ya mkosaji inatiwa kwenye mifuko miwili ya ngozi, inafungwa vifundoni, na fundo linapigwa lakiri na muhuri wa nchi. Miaka miwili kwa kosa la kwanza. Ndugu watamlisha. Nikamuuliza na kama ana mtu ambaye yeye ndiye anamlisha? Akasema hilo lipo kwenye kamati.

Baraza lina wajumbe tisa. Nilipowaona nilielewa mambo mengi kwa mara moja. Hawa ndio watu pekee katika nchi nzima ambao hawajakandwa hata mara moja, na kila mmoja alikuwa amekauka kwa namna yake. Hakuna aliyeweza kugeuza shingo. Kwa hiyo seremala aliwatengenezea viti vinavyozunguka, na mjumbe akitaka kumtazama anayesema anageuza kiti chote kwa mguu. Mjadala ukipamba moto ukumbi mzima unalia kama mlango usiotiwa mafuta. Mwenyekiti, Bwana Machano, alikuwa mzee mwenye uso wa huruma na mgongo ambao kila mtu mjini alijua unamuuma mwaka wa kumi na moja. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Mbele yake mezani palikuwa na mifuko miwili ya ngozi, mipya, na kijiti cha lakiri.

Bi Siwatu alisimama upande wa pili wa meza. Hakuitazama mifuko. Alikuwa akiitazama saa ya ukutani, nami nikajua anafikiria uji wa mchana.

Walianza na swali la kama mimi nina mwili. Alilileta mjumbe mmoja, Mheshimiwa Tindwa, mtu aliyeipenda sheria kama wengine wanavyopenda watoto wao. Alisoma kwamba sheria inalinda mwili wa Msonde. Mgeni hakutajwa. Kwa hiyo aliyeguswa hayupo. Mwenzake, Mheshimiwa Pazi, akageuza kiti akasema mwili unaweza usiwepo lakini mikono iliyougusa ni ya Usonde, imezaliwa hapa, imekula chumvi ya hapa. Tindwa akauliza mikono inawezaje kugusa kisichokuwepo. Pazi akauliza mwenzake jana amekanyaga kivuli cha nani pale mlangoni. Walikwenda hivyo mpaka jua likahama dirisha. Mwishoni wakaamua, na karani akaandika, kwamba mwili wa mgeni si mwili mbele ya sheria, na mikono yake vilevile si mikono, lakini mikono ya Msonde ni mikono popote inapotua. Kwa hiyo kosa litategemea jambo moja: kama mgeni amepona.

Mwenyekiti akafumbua macho. "Atembee," akasema.

Nimesema uongo mwingi maishani, mipakani hasa, lakini sijawahi kusema uongo kwa mguu. Nilianza. Maumivu ya miaka mitatu nilikuwa nayajua kwa moyo: wapi mguu unakataa, wapi unaomba msamaha, wapi uso unakunjika. Niliyakumbuka yote na kuyaweka chini hatua kwa hatua. Hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi. Viti tisa vililia kunifuata. Nilipogeuka nikamwona Bwana Machano ananitazama, na nikajua kwamba ninaigiza kuumwa mbele ya mtu ambaye hajalala usingizi mzima miaka kumi na moja. Nisingeweza kumdanganya pale kama yeye mwenyewe asingetaka.

Alifumba macho tena. Kisha akasema, "Baraza limeona. Mgeni hajapona."

Bi Siwatu aliachia pumzi. Nami niliachia. Nilidhani tumemaliza.

Lakini Tindwa aligeuza kiti. Kwa furaha ya kweli alieleza kwamba mtuhumiwa amekiri kumkanda mgeni, na mgeni amekaguliwa, hana alama wala badiliko lolote. Yaani mama huyu, baada ya kushindwa mara tatu, leo amefaulu mtihani bila kujua. Sheria haisemi lazima mtihani uwe juu ya mtu wa makapi. Aliomba apewe Daraja la Kwanza hapohapo. Wajumbe walipiga meza. Walipenda. Watu hawa hawakuwa wabaya, na niseme wazi kwamba kwa miaka ishirini walikuwa wakingoja nafasi ya kumtendea wema mwanamke aliyewaletea sheria yao.

Mifuko ikaondolewa, cheti kikaletwa. Bi Siwatu alikishika kwa ncha za vidole.

"Waheshimiwa," akasema, "na mume wangu je?"

Hakuna kiti kilicholia. Bwana Machano ndiye aliyejibu, sauti imechoka. "Daraja la Kwanza haligusi, Bi Siwatu. Unajua. Asiye na leseni anaweza kukosea asionekane. Mwenye leseni anakaguliwa. Mkaguzi atakuwa kwako kutwa kucha."

"Ningepewa mifuko ningebaki na vidole ndani yake," akasema Bi Siwatu. Hakusema kwa hasira. Alikunja cheti mara nne, akakitia kwenye fundo la kanga, akaondoka kwenda kupika uji.

Nilipokuwa natoka Bwana Machano aliniita. Tulikuwa wawili tu. Aliuliza, huku akitazama mbele kama alivyolazimika, kama pale mama alipobonyeza paliuma.

"Paliuma," nikamwambia. "Kisha hapakuuma tena."

"Taratibu au ghafla?"

"Taratibu."

Akafikiri. Alitaka kutikisa kichwa, akashindwa, akasukuma kiti kwa mguu kidogo mbele na kidogo nyuma.

Nilipanga kuondoka keshokutwa yake. Sikuondoka, kwa visingizio vidogo vidogo: kiatu, mvua, nguo hazijakauka. Siku ya tisa nikaenda kuwaaga. Mkaguzi alikuwa ameketi mlangoni, mama wa makamo aitwaye Bi Tabu, na kamba ya shibiri moja mkononi. Bi Siwatu alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mikono juu hewani, akiipitisha juu ya mkono wa Feruzi. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa amepewa kibali cha kuifanya. Vidole vya Feruzi vilikuwa vimejikunja, na kitambaa kilichowekwa kiganjani kilikuwa na damu. Uji ulikuwa mezani, umeganda. Mwenyewe Feruzi alikuwa amekonda kwa siku tisa kama mtu mwingine kwa miezi mitatu.

Majirani wangeweza kumkanda, lakini kila mkono katika nchi ile ulikuwa chini ya sheria, na wapima mwendo walikuwa wameongezwa mtaani.

Feruzi akanitazama. "Shemeji," akasema. Lililofuata halikutoka.

Bi Siwatu hakugeuka. "Walisema mikono yako si mikono," akaniambia.

Nilielewa. Ningependa kuandika kwamba sikusita. Nilisita. Mikono hii imefunga mizigo na kufungua mizigo, haijawahi kushika kitu kikae. Lakini nilipiga magoti. Akaanza kuniambia kwa maneno, mikono yake hewani shibiri moja juu ya yangu: hapo, si hapo, rudi, usivute, ngoja. Bi Tabu alisimama, akafungua kitabu cha sheria, akatafuta mikono yangu ukurasa hadi ukurasa. Haikuwemo. Akapima umbali wa mikono ya Bi Siwatu, ukawa sawa. Akaandika: hakuna mguso. Akaketi.

Siku ile nilifungua vidole viwili. Baada ya wiki niliweza vitano. Feruzi alinitukana kila asubuhi kwa neno moja moja, na jinsi matusi yalivyozidi kuwa marefu ndivyo nilivyojua koo linafunguka. Alisema nina mikono ya mtu anayetafuta funguo zilizopotea. Alisema hata kiharusi kilimgusa kwa adabu zaidi. Siku aliyomaliza bakuli zima la uji, Bi Siwatu alitoka uani, akakaa huko muda. Bi Tabu akajifanya anasoma.

Sikuwahi kukaa mahali siku tisini tangu nikiwa kijana. Siku ya themanini na nane ikaja barua. Mheshimiwa Tindwa alikuwa amegundua kwamba mgeni akikaa siku tisini anahesabiwa mwenyeji, na mikono yake inakuwa mikono. Nilikuwa na njia tatu: mtu wa makapi, mifuko, au lango. Ofisa aliyeileta aliniomba radhi.

Tulizungumza watatu. Bi Siwatu hakuniomba chochote. Alisema niende, maana mzee kama mimi katika mifuko ya ngozi atakufa kwa njaa na hakuna wa kumlisha. Feruzi akasema nikienda atapata angalau usingizi wa asubuhi. Siku ya tisini nilimkanda mara mbili, alfajiri na alasiri, nikapita langoni. Mpima mwendo akaandika kwamba natoka nikichechemea kama nilivyoingia.

Sikwenda mbali. Nilikaa juu ya jiwe, hatua chache nje ya lango, upande ambao si Usonde, nikangoja wanaoingia.

Siku ya kwanza alipita mwanamume mwenye punda. Nikamweleza, akacheka, akadhani namwuzia dawa. Alasiri akapita mwingine, akasikiliza mpaka mwisho, akasema anaona uchungu lakini ana haraka, anavuka tu kwenda ng'ambo. Nililijua jibu hilo. Nimelitoa katika nchi nyingi. Siku ya pili hakupita mtu mpaka jua lilipokuwa kichwani, nami nikawa nahesabu vidole vya Feruzi: kwa sasa viwili vimejikunja, jioni vitatu.

Ndipo akaja mwanamke mrefu, wa makamo, mfanyabiashara wa sindano na nyuzi, na bega la kushoto limeshuka kwa mzigo. Aliweka mzigo chini karibu nami, akauliza kama ndani kuna maji mazuri. Nikamwambia yapo, yana chumvi kidogo. Nikamuuliza atakaa siku ngapi.

"Mwezi, wakinunua."

Nikamwambia nyuma ya maghala kuna mama, Bi Siwatu, anayehitaji mikono ya mgeni. Akauliza mama huyo anataka nini. Nikamwambia ana mume. Nikamweleza yote, kwa ufupi, maana ofisa alikuwa ameshachukua fimbo yake. Alinisikiliza akiwa ameinamisha uso.

"Mimi sijui kukanda, baba," akasema.

"Hata mimi sikujua."

Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma. Ilikuwa imejaa matundu madogo ya sindano. Ofisa akamwita.

"Unaanza na kidole kidogo cha mkono wa kushoto," nikamwambia haraka. "Usikivute. Kishike tu, ungoje. Kikilegea, nenda kinachofuata. Yeye atakutukana. Endelea."

Akajitwika mzigo, akapita mstari. Ofisa akamwambia hatua ishirini kwenda na ishirini kurudi, naye akaenda, bega limeshuka, uso umetulia. Ofisa aliandika bega. Mimi nilikuwa naangalia mkono wake wa kulia, ubavuni, ambako kidole gumba kilikuwa kinashika kidole kidogo hewani, kinangoja, kisha kinahamia cha pili.